Vidole Vilivyonukia Ubani

Wametuhadithia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, Wakristo walipokuwa wakisakwa katika nchi ya Misri, aliishi binti mmoja mcha Mungu aitwaye Evarista, muuza ubani sokoni. Baba yake alikwishafariki, naye ndiye aliyemtunza mama yake, Bi Apia. Kwa vile alishika ubani mchana kutwa, vidole vyake vilinukia hata akitoka kuoga.

Basi ikatoka amri ya Kaizari: kila mtu apite mbele ya sanamu yake, atie chembe ya ubani kwenye chetezo, aende zake. Anayekataa, upanga. Watu walikuwa wengi, moshi umejaa ukumbini, na liwali aliyesimamia shughuli ile ana njaa, anataka kumaliza upesi. Akamweka askari kwenye mlango wa kutokea awe ananusa vidole vya watu. Ukinukia, umetii, pita. Hebu fikirini, kumkana Mungu kukapimwa kwa pua!

Evarista alipofika kwenye chetezo alifumbata mikono akapita, akijua anakwenda kufa. Katika msukumano ule hakuna aliyemwona. Mlangoni askari akanusa vidole vyake, akasema, "Huyu ameshatoa. Mpisheni."

Nje alikuwa amesimama Bi Apia, machozi yamemlowesha ushungi. "Njoo, mwanangu. Twende nyumbani."

Ilibaki hatua moja tu, jamani! Wala hakuna aliyemtaka aseme uongo. Lakini nyuma yake akawasikia waumini wenzake wakinong'onezana, "Hata Evarista ametoa? Sisi ni nani basi?" Akageuka, akamwona mmoja wao ameshaanza kunyoosha mkono kuchukua ubani.

"Bwana askari," akasema kwa sauti wote wasikie, "harufu hiyo ni ya dukani kwangu. Mimi sikufukiza."

"Dada, una wazimu? Nani amekuuliza?"

"Nyamaza, Evarista!" mama yake akalia. "Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha, nyamaza tu!"

"Nisamehe, mama yangu. Nikinyamaza, hawa watamkana Bwana kwa sababu yangu."

Yule aliyenyoosha mkono akaurudisha. Evarista aliuawa siku ile ile, nje ya ukuta wa mji, na huyo ndugu akamfuata kwa upanga ule ule.

Amani iliporudi, waumini walijenga kanisa dogo juu ya kaburi la shahidi. Siku ya kumbukumbu yake hawakufukiza ubani kamwe. Kila aliyeingia alinawa kwa maji matupu, akamnyooshea vidole mzee wa mlangoni avinuse, kisha akatamka neno moja la kweli ambalo hakuulizwa. Na wa kwanza kabisa kusimama pale alikuwa Bi Apia, ameshazeeka, anaongozwa kwa mkono. Akanyoosha vidole vyake, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze." Wote wakalia naye, wakamwingiza ndani, wakamketisha karibu na kaburi la mwanawe.

Ndugu zangu, tukiulizwa, wengi wetu husema kweli, Mungu ashukuriwe. Ile ambayo hatukuulizwa ndiyo tunayoondoka nayo kimya kimya hadi nyumbani. Shahidi Evarista atuombee.