Tovuti Iliyomnyima Nakiete Maji

Mnanisumbua. Maharage yako jikoni yanataka kuungua, nanyi mnataka hadithi. Haya, tegeni masikio, na atakayenikatiza ataosha sufuria.

Katika kijiji kimoja cha Upareni, wakulima wa tangawizi waliomba zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, kwa simu, kupitia tovuti. Walioifanya ifae ni watatu.

Namkunda alijua ruwaza, yaani mipangilio ambayo wengine walishaijaribu ikakubali. Hakuleta ubunifu wa kujionyesha. Kila ukurasa swali moja juu, kitufe chini, basi. Hata mlevi hapotei.

Mbonea alijua viwango walivyokubaliana mafundi wa tovuti duniani. Kila kitufe alikipa jina, simu yoyote ikakisoma, hata ile inayomsomea asiyeona.

Nakiete, mjane kipofu, alikuwa na masikio. Alisikiliza ukurasa kwa ukurasa. "Hiki kimenyamaza, Mbonea! Na hapa, Namkunda, umenizungusha kama pia." Wakarekebisha mpaka akaridhika.

Ndipo akaja Elieza wa kamati ya maji, mpenda urembo. "Mbona imekaa kizee hivi?" Hakumwuliza mtu. Akavitawanya vitufe huku na huku, akavigeuza kuwa vipicha visivyo na majina.

Nakiete akaomba maji. Simu ikamjibu: "Picha. Picha. Picha." Zamu ikampita, na nyingine ikampita. Nusu ya tangawizi yake, ndiyo riziki yake yote, ikakauka.

Akaenda kikaoni na simu mkononi. "Elieza mwanangu, fumba macho uombe maji."

"Lakini mama, hii ni ya kisasa..."

"Fumba!"

Elieza akafumba, akabonyeza mpaka jasho likamtoka. Maji hakupata.

Namkunda akarudisha mpangilio, Mbonea akarudisha majina, Nakiete akasikiliza: "Sasa inasema." Kamati ikamnyang'anya Elieza zamu yake ya msimu mzima, iwe zawadi ya aliyeifaa tovuti zaidi. Shida ni kwamba maji yale ukiyagawa mara tatu yanaishia mferejini. Lazima apewe mmoja.

"Bila ruwaza yangu mngepotea," akasema Namkunda.

"Bila viwango vyangu ingekuwa bubu," akasema Mbonea.

"Na bila masikio yangu mngejuaje kama ni bubu?" akauliza Nakiete.

Mimi wamenichosha, mpaka leo wanabishana. Je, wewe ungempa nani? Amua upesi, maana maji yamekaa tu ndivani yakimngoja mshindi, na Elieza naye ana tangawizi shambani, na tangu siku ile anaimwagilia kwa ndoo, kichwani, mlima mzima.