Jina la Kiranja wa Mwalimu Navoneiwa

Nina kesi, jamani. Semeni, "Ilete!"

Mimi ni Mpare wa Usangi, na mnajua wenyewe tunavyosemwa kwa kupenda kesi. Hii sikuitafuta. Ilizaliwa nyumba ya jirani, mimi nikiwa shahidi, na imenishinda kabisa. Si kesi ya shamba wala ya ng'ombe. Ni ya jina. Mama mmoja ana jina moja la kutoa, na watoto watatu wanalitaka.

Mama huyo ni Mwalimu Navoneiwa, mwalimu mkuu mstaafu wa shule yetu ya msingi. Alinifundisha mimi, akawafundisha na wanangu. Siku hizi macho yake yamefifia. Akikutazama anaona kivuli chenye sauti. Mumewe ni marehemu, watoto wako mbali, na kila mmoja ameshamwomba ahamie kwake. Jibu lake ni lilelile: "Nyumba hii naijua kwa miguu. Huko kwenu nitakuwa mgeni hata nikienda chooni."

Sasa wasikilizeni watoto na vipawa vyao.

Wa kwanza ni Eliewaha, mpima ardhi, yuko Dodoma. Kipawa chake ni kuchagua. Ukimtuma tikitimaji asubuhi atarudi jioni, lakini tikitimaji hilo mtalizungumzia mwaka mzima.

Wa pili ni Nakiete, karani wa mahakama, yuko Moshi. Kipawa chake ni kusikia. Watu wagombane, walie, wazungumze wote kwa pamoja, yeye ataandika kila neno na mwenyewe aliyelisema.

Wa tatu ni Mbonea, fundi wa sola, yuko Singida. Kipawa chake ni kutoamini. Ukimwambia kamba hii ni imara, ataivuta kwanza.

Kila mmoja alimletea mama yake kifaa cha kumsaidia, tena bila kuwauliza wenzake. Eliewaha alileta taa zinazowaka ukizitamkia. Nakiete alileta koki ya gesi inayojifunga. Mbonea alileta kitasa cha mlango kinachojifungua, na kengele inayolia nyumbani kwangu. Kila kifaa kilikuja na kisanduku chake cha kukiamrisha, na kila kisanduku na jina lake la kigeni. Vyote vitatu vikapangwa juu ya kabati, karibu na redio.

Ikawa vurugu tupu. Asubuhi moja Mwalimu aliomba taa mara tatu, sauti ikizidi kupanda, na mara zote tatu ukafunguka mlango. Mbuzi wangu wawili walikuwa barazani. Nilipofika niliwakuta sebuleni wanatafuna kalenda ya kanisa, wameshafika mwezi wa nne.

Mwalimu akawaita watoto wote kwenye simu kwa wakati mmoja.

"Darasa moja lina kiranja mmoja," alisema. "Nimefundisha miaka thelathini na minane, sijawahi kuweka watatu. Nitafutieni kiranja mmoja wa kusimamia vifaa vyote, la sivyo kila mtu aje achukue vyake."

Kisha akatoa ahadi. "Nikifanikiwa kubaki nyumbani kwangu kwa sababu ya kiranja huyo, nitampa jina la mwanangu aliyeniwezesha kubaki."

Msicheke. Kisanduku cha namna hiyo hukitumi mpaka ukiite kwanza, na hukubali jina moja tu. Jina atakaloteua Mwalimu ndilo litakaloitwa mle ndani tangu asubuhi mpaka anapopanda kitandani, siku zote za maisha yake.

Eliewaha akachagua. Ilimchukua miezi mitatu ya kusoma, kuuliza na kujaza daftari. Visanduku vizuri vyenye vioo vya rangi alivikataa kimoja baada ya kingine. Hiki akili yake iko kwenye mtandao, "na mtandao wa Usangi ukungu ukishuka unaujua, Mama Elinihaki," aliniambia kwenye simu. Kile kinaelewana na vifaa vya kampuni yake tu. Mwishowe akaja na kidude cheusi, kibaya, kama kipande cha sabuni. Lakini akili yake yote ilikuwa ndani yake, na kilielewana na vifaa vya kila kampuni.

Mwalimu akakipapasa. "Ndicho hiki cha miezi mitatu?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata viatu vya shule ulichagua hivihivi, ukasoma pekupeku mpaka mwezi wa tatu."

Kidude kikakaa juu ya kabati, na hakikumwelewa Mwalimu hata kidogo. Shida ni kwamba Mwalimu hamtumi mtu bila kumsalimu. Alikuwa akikiita kwa jina lake la kiwandani, analitamka nusu, kisha anaanza: "Habari za asubuhi. Umelalaje? Huku kuna baridi kidogo, lakini tunashukuru. Sasa, naomba uniwashie taa ya jikoni." Kidude husubiri sekunde tano tu. Alipofika kwenye taa, chenyewe kilikuwa kimeshaacha kusikiliza. Tena kilimuudhi kwa jambo jingine. "Kitoto gani hiki," aliniuliza, "hakina shikamoo?"

Nakiete akafundisha. Alichukua likizo, akakaa na mama yake wiki tatu akisikiliza, akirekodi, akikirudishia kidude maneno. Alikifundisha kungoja salamu ziishe. Alikifundisha kuamkia. Halafu akakifundisha jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Kiswahili cha Mwalimu ni cha ubaoni, kimenyooka. Lakini akishtuka au akiumia husema Kipare kitupu. Nakiete akakusanya maneno yote ya Kipare ya mtu aliyeumia, akakiagiza kidude kwamba kikiyasikia kisingoje kuitwa jina: kifunge gesi, kifungue mlango, kimwite jirani.

"Unamaliza likizo yako bure," Eliewaha alimwambia.

"Kaka, mimi nawasikia watu walioumia kila siku," alijibu Nakiete. "Hawalii kwa Kiswahili sanifu."

Mbonea akalisha. Kidude hula umeme, na vifaa vyote vilivyo chini yake hula umeme. Mbonea akapanda juu ya bati katikati ya mvua za mwezi wa tano, akafunga paneli, akaweka betri stoo. Ndugu zake walimcheka mpaka nikamwonea huruma. "Umeme siku hizi upo, sola ya nini?" Akajibu, "Upo leo." Na kila Jumamosi alinipigia simu.

"Shikamoo, Mama Elinihaki. Taa ya kijani ya betri inawaka?"

"Marahaba. Inawaka."

"Umeigusa? Haina joto?"

Siku moja nikamwambia, "Mbonea, mume wangu miaka yote hii hajawahi kuuliza hali yangu namna hiyo."

Ikafika Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni mgomba ulioupanda mwenyewe. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na mtandao ukaondoka nao. Mwalimu alikuwa ameteleka maziwa, akasogea dirishani kusikiliza kama mvua inakuja, maana alianika nguo. Maziwa yakafurika, yakazima moto, yakatiririka mpaka sakafuni. Gesi ikaendelea kutoka. Mwalimu alipoinusa alirudi jikoni mbiombio, akateleza kwenye maziwa, akaangukia nyonga. Hakuweza kuinuka. Akalia kwa Kipare.

Kidude kilikuwa macho, kwa betri ya Mbonea. Kilielewa kilio, kwa masikio ya Nakiete. Bila mtandao wowote kikafunga koki ya kampuni moja, kikafungua mlango wa kampuni nyingine, kikaipiga kengele yangu, kwa uchaguzi wa Eliewaha.

Mimi nilikuwa nakanda chapati. Nilikimbia na unga mpaka viwikoni. Nilimkuta Mwalimu sakafuni, na juu ya kabati kile kidude kibaya kikirudia kwa sauti ya upole, "Pole, Mwalimu. Jirani anakuja. Pole, Mwalimu." Nakiri nililia kabla hata sijamshika mkono.

Nyonga haikuvunjika. Siku ya nne watoto wote walikuwa sebuleni, na Mwalimu kwenye kochi, miguu juu ya mto.

"Sihami," alisema. "Na ahadi yangu iko palepale. Haya, nisikie."

"Kama ningechagua kile chenye kioo kizuri," alisema Eliewaha, "kingekufa pamoja na mtandao."

"Kisingekufa, sawa," alisema Nakiete, "lakini kingekusikia Mama unavyolia kama kinavyosikia jogoo."

"Kingesikia na nini?" alisema Mbonea. "Kingekuwa kimezimika tangu asubuhi."

Mwalimu akachezesha vidole kama vimeshika kalamu nyekundu. "Nikimtoa Eliewaha, nimekufa. Nikimtoa Mama Tumsifu, nimekufa. Nikimtoa Mbonea, nimekufa."

"Mama!"

"Nasahihisha, msinikatize."

Nikaona niwasaidie. Nikasema, jamani, si mkipe jina la marehemu baba yenu, yaishe? Mwalimu akanigeukia. "Nimtume marehemu kuwasha taa? Hata alipokuwa hai hakuwasha." Tukacheka wote, na mimi nikaongeza kwamba langu wasilifikirie, sitaki kuitwa kutoka ng'ambo ya ua nikiwa na unga mikononi.

Kicheko kilipokwisha, Nakiete akazungumza, na sauti haikuwa ile ya mabishano.

"Umesikia ulivyoniita sasa hivi, Mama? Mama Tumsifu. Tangu nizae, miaka kumi na mmoja, sijaitwa jina langu na wewe. Nalisikia siku unapokosea tu, unapomtafuta Mbonea."

Eliewaha akainamisha kichwa. "Mimi nilikwenda bweni nina miaka kumi na mitatu. Kabla ya hapo ulikuwa unaniamsha kila asubuhi kwa jina, humuhumu ndani. Kanisa zima linakuita Mama Eliewaha, lakini Eliewaha mwenyewe haitwi tena na mtu asubuhi."

Mbonea alikuwa akitazama mikono yake. "Nyie angalau mlitangulia. Mama hajawahi kuniita mimi moja kwa moja. Anapita kwa kaka, anapita kwa dada, ndipo anafika kwangu amechoka. Nami nataka kuwa wa kwanza, hata kama ni wa kuwasha taa."

Mwalimu akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipeni hicho kiranja," akasema.

Wakamwekea mapajani. Eliewaha akabonyeza pembeni, kijitaa cha buluu kikawaka.

"Shikamoo, Mwalimu," kidude kikasema. "Ungependa niitwe nani? Naomba jina moja."

"Marahaba." Akaweka kiganja juu yake, kama anavyomshika mtoto utosini. Akavuta pumzi. Watoto wote watatu, watu wazima wenye mvi zao, walikuwa wamesogea mbele kwenye viti.

"Eliewaha," akasema. "Nakiete. Mbonea." Kwa pumzi moja, kama alivyokuwa akiwaita chakula kinapoiva.

"Samahani, Mwalimu. Naomba jina moja."

Hakuna aliyecheka. Nakiete alifuta macho kwa upande wa kitenge, nami nikafuta yangu.

Mpaka leo kidude kinaitwa kwa lile jina la kiwandani, linalotamkwa nusu. Kila asubuhi kikishaamkia kinauliza kiitwe nani, na Mwalimu anakijibu, "Ngoja kidogo, mwanangu." Na watoto wote watatu sasa wanapiga simu kila siku baada ya chai, kwa ujanja tu, kusikiliza kama jina limeitwa.

Aliyekichagua, aliyekifundisha, na aliyekilisha. Kesi nimeileta, mie narudi kwenye unga wangu. Hukumu leteni ninyi. Mkono wako ukiwa juu ya kile kidude, na watoto hao watatu wamekukodolea macho, je, wewe ungetaja jina la nani?