Namba Nzuri, Mshale Chini

Waliosema dalili ya mvua ni mawingu walijua kwamba jambo kubwa hutanguliza salamu kabla halijabisha hodi. Mwenye kujali huzipokea. Asiyejali hushtukia kalowa chapachapa.

Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na binti wa miaka saba mwenye kisukari, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kuwa ulimi wake haukujua kupumzika. Alipowekewa mkononi kifaa kidogo cha kupima sukari mfululizo, muuguzi aliwakusanya wazazi kliniki awafunze kusoma vipimo vyake kwenye simu. Aliwaeleza kwamba namba huonyesha sukari ilipo, na mshale ulio kando yake huonyesha inakoelekea. Fundi alicheka kichinichini. Yeye aliishi kwa futi ya kupimia. Kiuno cha mteja kikiwa inchi thelathini ni thelathini, hakina mshale. Akatoa daftari lake la vipimo vya wateja na kuandika namba peke yake.

"Na mshale je, Mama Chiriku?" muuguzi aliuliza.

"Namba yatosha, dada. Mimi ni fundi."

Alasiri moja Chiriku alirudi kutoka kuruka kamba, akajilaza juu ya vipande vya vitambaa, akanyamaza. Simu ilionyesha tano nukta sita, mshale umeelekea chini. Mama akaandika daftarini tano nukta sita, chini ya kipimo cha mabega ya bibi harusi, moyo wake ukatulia tuli. Cherehani ilinguruma polepole, nyuzinyuzi za pamba zikaelea katika mwanga wa dirisha, na chumba kizima kikawa kama kinaota. Mama naye akazama katika lepe la usingizi, akiliona gauni lisilo na mwisho likipita mikononi mwake kama maji.

Simu ikalia. Mbili nukta tisa! Chiriku alikuwa ametota jasho, anatetemeka, akimtazama mamake kama mtu asiyemjua. Bahati nzuri mtoto aliweza kumeza; mama akamnywesha maji ya sukari funda kwa funda, akimsihi aseme neno, hata la upuuzi, machozi yakilidondokea gauni la bibi harusi. Dakika kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko mwaka.

"Mama," Chiriku alinong'ona hatimaye, "mbona unalilia gauni la watu?"

Mama alimkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Aliona haya, na hofu haikumtoka kwa siku nyingi.

Katika mafunzo yaliyofuata, baba mmoja dereva alisema kwamba mambo ya mishale ni ya wataalamu, kwake namba inatosha. Kabla muuguzi hajafungua kinywa, fundi alisimama.

"Kaka, siku moja namba yangu ilikuwa nzuri," alisema taratibu. "Nilikuwa nampoteza mtoto huku nafurahia namba."

Dereva akainamia simu yake, akautafuta mshale. Kweli, dalili ya mvua ni mawingu.