Taya Legevu la Teketeke

Tegeni masikio!
Tumetega!
Na aliyekuja kusinzia?
Akalale kwao!

Hapo kale, kale sana, kabla binadamu hajajijua kuwa ni binadamu, waliishi sokwe msituni. Misuli ya mataya yao ilikuwa minene, imepanda mpaka utosini, imekibana kichwa kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira. Akili zingekaa wapi?

Walikuwa na mila yao. Mtoto akikua, huitwa mbele ya ukoo apasue kokwa la mchikichi kwa meno. Akishindwa, hufukuzwa.

Basi sokwe mmoja akazaa binti mwenye taya legevu. Hakulogwa. Tumbo lilikosea tu, kama msuka mkeka anaporuka ukindu mmoja, ua likatoka jingine. Wakamwita Teketeke.

Siku yake ikafika. Mkuu wa ukoo, Babu Gego, akampa kokwa.

"Haya, vunja!"

Akang'ata, likateleza. Wakacheka.

Akang'ata tena, akatokwa na udenda. Wakacheka.

Akang'ata mara ya tatu, jino likacheza. Wakacheka mpaka wengine wakaanguka mitini.

"Beba taya lako uondoke," akasema Babu Gego. "Jua likizama nisikuone."

"Babu, huko kuna chui!"

"Mng'ate."

Teketeke akapandwa na hasira. Akaliweka kokwa juu ya mwamba, akaokota jiwe, akaligonga. Pwaa! Kiini nje. Akala, wote wanamtazama.

"Huo ni ujanja wa wavivu!" Babu Gego akafoka. "Tazameni wanaume!"

Akatia makokwa matatu kinywani, akauma. Kaa! Kilichovunjika hakikuwa kokwa.

Kisha Babu Gego, sasa kibogoyo, akaita, "Mjukuu wangu..."

"Abee, Babu."

"Nigongee na mimi. Njaa inaniuma."

"Nikugongee nikiwa hapa, au nikiwa kwa chui?"

"Kaa, mama, kaa! Nani amekufukuza?"

Teketeke akabaki, akazaa. Watoto wakarithi taya lake, na fuvu lisilobanwa likatanuka, kizazi baada ya kizazi, mpaka tukapatikana sisi, wenye vichwa vikubwa na maneno mengi.

Funzo ni hili: usimfukuze mtoto kwa kuwa hakufanana na wenzake, hujui kasoro yake itamfikisha wapi. Wala msijidanganye kwamba kila kasoro ni neema. Wengi waliozaliwa tofauti walikufa tu, hakuna aliyewatungia hadithi.

Yangu nimeyamwaga. Matamu yaokoteni, machungu yatemeni, na mkatemee nje.