Sufuria la Toroli la Mia

Hapo zamani, wala si zamani ya masultani, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo kila mtu ana simu na bado hampigii mama yake, alikuwako Muheza mwanamke aitwaye Bi Mwajabu. Na Bi Mwajabu alikuwa anamwoza binti yake, Tunu.

Zikabaki siku mbili. Upande wa bwana harusi wakaleta neno: hatuji mia, tunakuja mia tatu. Bi Mwajabu akakaa chini palepale, kwenye maganda ya vitunguu. Mchele alionao ungetosha mia, tena mia wenye haya. Wageni wakilala njaa kwenye harusi ya kwanza ya nyumba, nyumba hiyo itasemwa mpaka wajukuu wazeeke.

Wifi yake, Sikudhani, akasema, "Wifi, inuka. Mimi nina kadi."

Kadi yenyewe ilikuwa ya ghala kubwa la jumla kule Tanga mjini. Huingii bila kadi, hata ulie. Na masharti yake yalikuwa haya: kadi moja, toroli moja, mara moja kwa wiki. Ukisahau chumvi, umesahau.

Basi asubuhi wakaenda wanne. Bi Mwajabu mwenye shughuli. Sikudhani mwenye kadi. Mwanakheri, fundi wa pilau, mkubwa wao, ambaye hakuna harusi mtaani iliyowahi kuiva bila yeye. Na Hidaya, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyejua kunong'ona.

Mlangoni mlinzi akamwambia Bi Mwajabu, "Mama, kadi?"

Sikudhani akaitoa kifuani. "Hii hapa. Hawa watatu wangu."

Wakaingia. Ee, nyie! Paa juu kama la stesheni. Madumu ya mafuta yamepangwa mpaka unapata kizunguzungu. Majani ya chai, gunia zima. Karatasi za chooni, furushi kubwa kama godoro la watu wawili. Bi Mwajabu akasahau mchele, akasahau wageni, akasahau na umri wake. Akakimbia!

"Chukua hili! Chukua na lile!"

Ikaingia katoni ya biskuti. Yakaingia maua ya plastiki, dazeni sita. Likaingia lile godoro la karatasi. Ikaingia ndoo ya achari ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto.

"Wifi, achari yote hiyo?" Sikudhani akauliza.

"Nafuu, wifi! Huoni nafuu?"

Mwanakheri hakuwa nao. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mchele. Sasa mnajua, mwanamke wa kwetu hanunui mchele wa pilau kwa kusoma maandishi. Anachukua punje, anaitia kwenye jino. Ikilainika, mchele mpya, utaganda. Ikilia ko! mchele wa zamani, utachambuka. Lakini pale mifuko ilishonwa kinywa, haina pa kupenyeza hata kidole. Mwanakheri akachomoa pini ya mtandio. Akatoboa. Akatafuna.

"Mpya huu. Huu ni uji wa wagonjwa."

Akaenda safu ya pili, akatoboa. Ko!

"Huu ndio!"

"Mama!" Mlinzi kamshika mkono. "Unatoboa mali ya watu!"

"Mwanangu, kwani mama yako hununua mchele kafumba macho?"

"Ukitoboa umenunua."

Watu wakajaa kutazama. Mwanakheri, mtu mzima wa heshima zake, akasimama katikati yao kama mwizi wa kuku. Akafungua pindo la kanga, akatoa pesa aliyoiweka kwa ajili ya kiatu cha harusi, akalipia ule mfuko wa mchele mpya. Kisha akamsukumia mlinzi. "Mpelekee mama yako. Mwambie apike uji, apunguze na wewe hasira."

Akawaita wenzake kwenye mchele wa zamani. Ilihitajika mifuko sita. Wakapakia miwili, toroli likajaa.

"Hiyo miwili itatosha," akasema Bi Mwajabu, macho kwenye achari. "Tutapakua kidogo kidogo."

Wakasimama foleni. Juu ya kaunta kulikuwa na ubao wa taa unaohesabu matoroli yaliyopita. Ulisoma tisini na saba. Zamu yao ikafika, na keshia akanyoosha mkono.

Hapo Hidaya akasimama mbele ya toroli, akatanua miguu.

"Halipiti!"

"Hidaya, watu wanatutazama!"

"Watazame! Bi Mwajabu, kesho watu mia tatu wanakuja kwako kula au kwenda chooni? Mchele mifuko miwili, karatasi godoro zima! Utawapakulia maua ya plastiki, uwaambie wachovye kwenye achari?"

Foleni nzima ikacheka. Bi Mwajabu machozi yakamlengalenga. Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama lile mbele za watu tangu aache shule. Lakini Hidaya hakungoja ruhusa. Karatasi chini. Maua chini. Achari chini. Akageuza toroli, akalirudisha kwenye mchele, akapakia mifuko minne mwenyewe kwa mgongo wake. Waliporudi, watu wawili walikuwa wamekwishawapita.

Wakasukuma. Ubao ukabadilika. Kengele ikalia ghala zima!

"Toroli la mia! Toroli la mia la leo!"

Wakaletewa zawadi: sufuria zito, linang'aa, na mfuniko wake, la kupika kilo hamsini kwa mkupuo mmoja. Mtaani kwao hapakuwa na jingine kama hilo. Na mwanamke mwenye sufuria kama lile haendi shughulini, anafuatwa. Anaketi kiti cha mbele hata kama mchango wake ni vitunguu viwili.

Bi Mwajabu akaruka kwa furaha kama msichana. Akapaza sauti watu wote wasikie: "Wallahi, sufuria hili si langu! Ni la yule aliyenifaa leo kuliko wote!"

"Amina!" akasema Sikudhani.

"Amina!" akasema Mwanakheri.

"Amina!" akasema Hidaya.

Kila mmoja kaitikia akijua anasemwa yeye. Njia nzima ya kurudi Muheza wakapiga vigelegele, kumbe kila mmoja anashangilia chake.

Walipolitua tu uani kwa Bi Mwajabu, Sikudhani akashika sikio la sufuria. "Ahsante, wifi. Bila kadi yangu ungeliona ghala lile kwa nje kama unavyouona mwezi. Na risiti ina jina langu."

Mwanakheri akashika sikio la pili. "Kadi inafungua mlango, haipiki. Bila jino langu ungebeba mifuko sita ya uji. Nimefedheheka kwa ajili yako, Mwajabu, na kiatu nimekikosa."

Hidaya hakuwa na sikio la kushika. Akaingia mwenyewe ndani ya sufuria, akasimama. "Jino lako limepata mifuko miwili, dada. Minne nimeibeba mimi. Na nisingelizuia toroli, lingepita la tisini na nane, mkarudi na achari."

"Ubao wenyewe hukuutazama!" akadakia Sikudhani. "Bahati tu!"

"Na kadi yako si bahati? Uliiokota kwa mumeo!"

"Toka kwenye sufuria, una matope!"

Bi Mwajabu akasimama mlangoni. Nyama ilikwishaletwa. Sikudhani ndiye mwenye kundi la wamenya vitunguu, akinuna wananuna ishirini. Mwanakheri asiposhika mwiko, hakuna pilau. Hidaya ndiye mwenye ua mkubwa, na mafiga yatategwa uani kwake. Kuapa ameapa, ghala zima shahidi. Kulikata sufuria hawezi. Kulificha hawezi. Na wote watatu wamemkazia macho, hakuna anayepepesa.

"Sema, wifi."

"Sema, mwanangu."

"Sema, jirani, miguu inaniuma!"

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu harusi za wenzenu: mwenye kadi, mwenye jino, au mwenye ulimi? Mngesimama nyinyi pale mlangoni, sufuria mngempa nani?