Mstari Mmoja na Chupa Elfu Tisa

Gogo kubwa halimalizwi kwa pigo moja, hata mwenye shoka awe na misuli ya namna gani. Hubanduliwa kipande, kikafuata kingine, mpaka mahali pale pakabaki peupe. Asiyesadiki na asikilize yaliyompata Mstari Mmoja.

Huyu alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika hospitali moja. Jina hilo alilipata kwa majisifu. Kazi iliyowatoa wenzake jasho kwa kurasa tatu, yeye aliiandika kwa mstari mmoja, kisha akauonyesha kwa kila mtu, hata kwa mfagizi.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, mfamasia aliingia ofisini mbiombio, barua mkononi. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba dawa yake ya kifua ya watoto imeharibika: chupa elfu tisa, kila moja na nambari yake. Baadhi zilikuwa zimeshagawiwa hapo hapo hospitalini.

"Saa kumi na mbili wazazi wanawapa watoto dozi ya jioni," alisema akihema. "Nipe majina na simu zao! Nimezigawa kwa mikono yangu hii."

Nambari za chupa zilizogawiwa zilikuwamo katika maelezo ya wauguzi, na kila muuguzi aliandika apendavyo: huyu kwa kistari, yule kwa nafasi. Kuzisoma kwa macho kungechukua wiki nzima.

"Ondoa shaka! Kanuni moja tu ya msako," alijigamba Mstari Mmoja. Kanuni ya msako ni maandishi yanayoieleza kompyuta sura ya maneno ya kutafuta. Alizisokomeza nambari zote elfu tisa katika kanuni moja ndefu kama treni, akabonyeza.

Kompyuta ikajibu: Kanuni ni kubwa mno.

"Kubwa mno? Yangu mimi?"

Ndiyo, yake yeye. Programu inayosoma kanuni hizo ilikuwa na kikomo chake, na kikomo hakijui jina la mtu. Akaibana kwa maagizo ya kurudia: hiki mara elfu, na ndani yake kile mara elfu. Kwa macho ikawa fupi. Kumbe programu huyakunjua marudio yote kabla ya kuanza kazi, na kile kifupi kikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Jibu likawa lile lile.

Ikagonga saa kumi na nusu. Mfamasia alikuwa ameketi, kichwa mikononi.

Karani wa mafaili, mama wa makamo waliyemwita Mama Mafaili, akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hiyo programu inabeba nambari ngapi kwa mara moja?"

"Kama mia tatu hivi."

"Basi ipe mia tatu."

"Mama, si vitakuwa vipande thelathini! Watu watanionaje?"

"Loo! Watoto wanakohoa, wewe unawaza watu watakuonaje?"

Maneno hayo yalimchoma. Aliona aibu kweli kweli, akavuta kiti na kuanza kukata.

Kipande cha kwanza kikatoa majina mawili! Mfamasia akarukia simu. "Usimpe mtoto! Rudisha chupa!" Cha pili patupu. Cha tatu, jina moja! Mama Mafaili alichora alama mgongoni mwa faili kwa kila kipande kilichokwisha, na ofisi ikachangamka utadhani fainali ya mpira. Kumi na tano! Ishirini na mbili! "Twende, mwanangu, twende!"

Kipande cha thelathini kilipomalizika, ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Jina moja. Simu ikaita, ikaita, ikaita tena. Mwishowe baba mmoja akapokea.

"Samahani daktari, subiri kidogo. Nina kijiko mkononi, nampa mtoto dawa."

"Weka chini kijiko!" wote watatu walipiga kelele kwa pamoja.

Kisha sauti ile ikasema polepole, "Nimekiweka."

Mfamasia aliangua kilio cha furaha. Mama Mafaili akachora alama ya mwisho, akamtazama mtaalamu wake kwa jicho la upande.

"Haya, Mstari Mmoja, ilikuwa mistari mingapi?"

"Thelathini, mama," alijibu akicheka huku akifuta jasho. "Na kesho nitamwonyesha hata mfagizi."

Hakika, bandu bandu huisha gogo.