Nani Avae Nishani ya Panya Waoga?

Sogeeni karibu. Wenye majibu ya haraka wakae nyuma, maana fumbo hili limenishinda hata mimi.

Palikuwa na watatu katika maabara ya chuo kimoja. Mwanasiti alijua kuzalisha panya wa namna aitakayo. Makungu alikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Bi Rukia alikuwa na macho: panya akiogopa, yeye hujua kabla ya panya mwenyewe!

Walichunguza protini moja inayolinda ubongo, wakitafuta dawa ya watu wanaotetemeka.

Mwanasiti akazalisha panya wasio na protini hiyo. Walizaliwa wakipepesuka. Ukiwaweka juu ya fimbo inayozunguka, wanaanguka. Ukiwaweka katika sanduku pana, wanajibana ukutani kwa woga.

Makungu akawadunga protini ile. Kila mmoja alimfumbata kwanza kiganjani, akimnong'oneza, "Pole, mwanangu." Miguu ikapata nguvu, na woga ukaonekana umekwisha. Maabara nzima ikashangilia.

Bi Rukia hakushangilia. "Kaka Makungu," alisema, "hebu leo wabebe kwa kikombe, si kwa kiganja."

Akawabeba kwa kikombe, akawadunga kama kawaida, akawaweka sandukuni. Walitembea vizuri, lakini moja kwa moja hadi ukutani, wakajibana. Kumbe protini iliponya mwendo tu, woga ulitulizwa na kiganja. Ili kuhakikisha, Bi Rukia akaagiza kikombe kitumike mpaka mwisho wa jaribio.

Chuo kikatoa nishani moja. Desturi ya pale, anayeivaa ndiye anayeongoza maabara. Asipopatikana mtu, milango inafungwa, na wanaotetemeka wataendelea kutetemeka.

Mnadhani waligombania? Thubutu!

"Mimi niliwazalisha wagonjwa kwa makusudi," alisema Mwanasiti. "Naona aibu hata kuitazama."

"Waliniamini," alisema Makungu, "kumbe mkono wa pili nimeshika sindano."

Bi Rukia alikuwa analia. "Afadhali nyinyi. Walikuwa na faraja moja tu, na mimi ndiye niliyewanyang'anya."

Angekosekana mmoja wao, ukweli usingejulikana. Na hatia imewalemea wote watatu.

Sasa mkuu wa chuo amesimama mlangoni na nishani yake, nao wameinamisha vichwa. Je, wewe ungemvisha nani? Sema, lakini jina hilo ulitaje ukimtazama mwenyewe usoni.